Mikate Juu ya Ukuta

Palikuwa na nchi, na ingalipo, ambayo jina lake bado linajadiliwa bungeni. Mjadala ulianza siku ya uhuru na unakwenda vizuri sana: waheshimiwa wamekwisha kubaliana juu ya herufi ya kwanza. Nchi hiyo haikupakana na bahari yoyote, lakini ilikuwa na Wizara ya Bahari, na waziri wake alikuwa na meli mbili zilizohifadhiwa nyuma ya ofisi, chini ya turubai, zisichujuke rangi kwa jua.

Ilikuwa na adui mmoja tu, jirani yake wa mashariki. Uadui wenyewe ulianza siku bendi ya jeshi ilipopiga wimbo wa taifa mpakani. Kilima cha upande wa pili kikaurudisha wimbo ule, kwa kuchelewa kidogo na kwa sauti ya chini. Jenerali Kishindo, Waziri wa Ulinzi, aliyekuwa amevaa medali zake zote pamoja na mbili za kuazima, alisikiliza akakunja uso.

"Wanatuigiza," akasema. "Tena wanatuigiza vibaya."

Jirani akatakiwa akinyamazishe kilima chake. Jirani akajibu kwa adabu kwamba hana mamlaka juu ya kilima. Jawabu hilo likahesabiwa kuwa tusi, na serikali ikajenga ukuta wa matofali ya udongo, kimo cha mtu na nusu, ili mwangwi usivuke tena bila kibali. Ukuta ulipita nyuma ya mji mdogo wa mpakani, na mji ukapewa jina jipya la Ukutani, wenyeji wakaarifiwa baadaye.

Hapo Ukutani aliishi Mzee Kihedu, wakili mstaafu. Ujanani alisoma seminari, akajifunza Kigiriki cha kale, akakaribia kabisa kuwa padri, mpaka siku moja alipotumwa sokoni kununua mkate akamkuta Bi. Siajabu ndiye anayeuza. Upadri ukaishia hapo, lakini Kigiriki kilibaki. Sasa, uzeeni, alikuwa akifasiri maandishi ya Mgiriki mmoja wa kale aliyeandika juu ya hila za vita.

Alimpenda Mgiriki yule kwa sababu walifanana. Mgiriki naye alikuwa wakili. Mfalme wake alipotoka kwenda vitani, yeye alikuwa amekwisha zeeka, hawezi mkuki wala ngao, basi akaona asikae bure: akakusanya hila zote alizozisikia za majemadari na za wake wa majemadari, karibu mia tisa, akaziandika katika vitabu vinane, akamtunukia mfalme. Kihedu kila akifikiria jambo hilo alitabasamu peke yake. Mtu aliyeogopa mbwa wa jirani kumfundisha mfalme vita! Kama kweli Mgiriki aliogopa mbwa hatujui, lakini Kihedu aliwaogopa, akaona lazima na mwenzake.

"Mwanamume mzima unasoma namna ya kudanganya watu," Bi. Siajabu alikuwa akimwambia. "Ulivyokuwa mahakamani hukutosheka?"

Bi. Siajabu mwenyewe alikuwa na kazi ya maana zaidi. Alioka mikate ya mofa, ile ya mviringo ya unga wa mtama, katika tanuri la udongo lililojengwa na bibi yake. Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Mashamba yalikauka, mbuzi waliuzwa, na mtama wote uliopatikana ni ule uliotoka ghala la serikali na kuishia kwenye tanuri lake. Asubuhi watoto wa Ukutani walikula mofa na chai ya rangi, na jioni walikula kilichobaki cha asubuhi. Tanuri likizimika, mji umelala njaa. Hilo kila mtu alilijua.

Balaa lilianzia redioni. Kihedu alialikwa kwenye kipindi cha wazee, akaona fahari, akasoma hila moja ya Mgiriki. Kumbe wakati uleule Jenerali Kishindo alikuwa ananyolewa ndevu, na kinyozi wake alikuwa na redio.

*

Jenerali alifika Ukutani na msafara mrefu wa magari, la mwisho likiwa limebeba kiti chake. Kiti kikateremshwa, kikawekwa barazani kwa Kihedu, naye akakikalia.

"Wewe ndiye Mgiriki?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi ni mfasiri wake tu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Alikufa, Mheshimiwa. Zamani sana."

"Poleni sana. Serikali itatoa rambirambi." Msaidizi akaandika. "Haya, nisomee ile ya mikate."

Kihedu akavaa miwani, akasoma. Mji fulani ulizingirwa na adui, chakula ndani kikakaribia kwisha, na adui akakaa nje kuisubiri njaa imfanyie kazi. Watu walipobakiwa na mikate yao ya mwisho, jemadari akaamuru irushwe juu ya ukuta iwaangukie maadui kambini. Maadui wakatazamana. "Watu wanaochezea mikate hivi, tutawashinda lini kwa njaa?" Wakavunja kambi, wakaenda zao.

"Ukuta tunao," alisema Jenerali.

"Tunao, Mheshimiwa."

"Njaa je, tunayo?"

Msaidizi akakohoa. "Rasmi hatuna, Mheshimiwa. Tuna upungufu wa shibe."

"Basi tunayo. Mikate?"

"Ya mke wangu tu," alisema Kihedu, akajuta kabla hajafunga mdomo.

"Kila kitu kipo!"

"Kasoro adui, Mheshimiwa. Yule wa Mgiriki alikuwa yuko nje ya ukuta kwelikweli. Hawa wa kwetu wako makwao, wanapalilia."

"Hilo waachie Mambo ya Nje." Jenerali akainuka na kifua chake kikalia kama droo ya vijiko. "Mzee wangu, jua la taifa linachomoza! Wagiriki walirusha mara moja, wakamshinda adui mara moja. Sisi tutarusha kila siku!"

Kihedu alitaka kusema kwamba hila ikirudiwa kila siku si hila tena, huwa desturi. Lakini kiti kilikuwa kimekwisha kupakiwa, na msafara ukaondoka ukiacha vumbi juu ya kitabu cha Mgiriki.

*

Ikaanzishwa Operesheni Shibe. Mikate yote ya tanuri la Bi. Siajabu ikawa mali ya jeshi, na kila asubuhi saa nne ilirushwa juu ya ukuta. Kila wizara ilitaka kuwa na mkono wake katika ushindi. Wizara ya Utamaduni ikachagua wimbo. Wizara ya Bahari, iliyokuwa haijapata kazi tangu kuundwa, ikaagiza chumvi iongezwe maradufu, adui akionja ajue tuna bahari.

Usimamizi alipewa Sajini Pazi, mtu mpole mwenye masharubu makubwa kuliko cheo chake.

"Chumvi yote hii?" Bi. Siajabu alimwuliza. "Huu ni mkate au dawa ya kutoa pepo?"

"Ni amri, mama."

"Mama yako angeula?"

Sajini Pazi akatazama viatu vyake.

Jenerali alikuwa amesikia kwamba Wagiriki walikuwa hodari wa kurusha visahani, basi askari wakafundishwa kuzunguka kwa kisigino kimoja na kuuachia mkate kwa nguvu. Mofa ni mkate mgumu kidogo hata ukiwa wa moto. Wa jana yake unaweza kuvunja kigae. Filimbi ililia, askari wakazunguka, mikate ikaruka. Watoto wa Ukutani walisimama wakiusindikiza kwa macho kila mkate mpaka ulipopotea upande wa pili. Kisha likatoka tangazo kwamba ni marufuku kumeza mate karibu na ukuta, kwa kuwa adui anaweza kusikia.

Jioni moja Kihedu alirudi nyumbani akakuta sinia limefunikwa kawa. Akanawa mikono, akafunua. Ndani kulikuwa na kitabu cha Mgiriki.

Alicheka kidogo. Kisha akamwona mkewe amesimama mlangoni, na kicheko kikamkauka.

"Bwana Kihedu," alisema Bi. Siajabu, na alipomwita Bwana mambo yalikuwa mabaya. "Vituko vyako nimevizoea. Lakini mji huu unakula kwenye tanuri langu. Leo mtoto wa jirani kaniuliza amenikosea nini hata nikamnyima mkate. Nimjibu nini? Nimwambie mume wangu alikwenda redioni? Mkate umeutoa wewe mdomoni mwao, na wewe ndiye utakayeurudisha. Mpaka siku hiyo, ukisikia njaa, fungua kitabu ule."

Kihedu hakuwa na la kujitetea, naye alikuwa amewatetea watu wabaya wengi. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

*

Upande wa pili, siku ya kwanza watu walikimbia wakidhani ni mawe. Siku iliyofuata wakarudi polepole. Baada ya hapo walikuja na ungo, wakangoja filimbi.

Asubuhi moja, mikate ilipokwisha kurushwa, sauti ya mwanamke ikapaa nyuma ya ukuta.

"Hodi huko! Ni mimi Nyamizi! Jamani majirani, mkate tunaupata, ahsanteni sana! Lakini chumvi, mama wee! Mwataka tufe kwa kiu?"

Sajini Pazi akapeleka taarifa makao makuu kwamba adui amekiri kupokea kipigo na anaomba maji. Bi. Siajabu alikuwa karibu na tanuri, akasikia kila neno. Tangu aanze kuoka hakuna mtu aliyewahi kuusema vibaya mkate wake, hata wakwe. Alikaa juu ya kinu, akalia kwa hasira.

Sasa, watu wa pande zote mbili, kabla ya ukuta, walikuwa wakioana na kuzikana, na desturi yao ilikuwa moja: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa mchuzi, bakuli utalirudisha na ndizi. Huna ndizi, tia hata yai. Na aliyekosa kila kitu huchuma majani ya mchaichai akayaweka ndani ya bakuli, na mwenye bakuli akiyaona hujua kwamba kwa mwenzake hali si hali, naye hasemi neno, bali hutafuta la kufanya. Watu wa ng'ambo walikuwa wamekula mikate ya watu siku nyingi. Wakaona aibu.

Ndipo asubuhi moja gunia la maharage likavuka ukuta na kumwangukia Sajini Pazi kofiani.

King'ora kikalia. Jenerali Kishindo akaja mbio na kiti chake. Wataalamu wa mabomu wakalizungushia gunia kamba, wakalisikiliza kwa vipimo vya daktari, wakatamka kwamba ni maharage ya aina isiyojulikana nia yake. Kesho yake ikaja mihogo, na kesho kutwa boga kubwa, ambalo lilipasuka lilipofika chini, na katika taarifa likaandikwa kuwa limelipuka. Vyote viliwekwa ndani ya kamba chini ya ulinzi mkali, na mji mzima ukawa unasimama nje ya kamba, na njaa yake, unavitazama.

Kihedu naye alisimama akitazama. Mtoto yule wa jirani alikuwa mbele yake, ameshika kamba kwa mikono miwili. Kihedu akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha Jenerali.

"Mheshimiwa, Mgiriki ana neno juu ya silaha zilizotekwa."

Haikuwa kweli. Kihedu katika kufasiri kwake kote hakuwahi kumwongezea Mgiriki hata nukta. Akavaa miwani, akaendelea.

"Anasema zisiachwe zikalala, Mheshimiwa, maana zitaota."

"Zitaota?"

"Mvua ikinyesha tu, maharage haya yataota. Hapa patakuwa na shamba la adui ndani ya nchi yetu."

Jenerali akabadilika rangi. "Yachomwe!"

"Moshi utavuka ukuta, adui ajue ghala liko wapi. Mgiriki anashauri maji ya moto. Sufuria kubwa, moto wa wastani, mpaka yalainike. Na kitunguu."

"Kitunguu cha nini?"

"Kuua harufu ya baruti."

Jenerali alitikisa kichwa kwa heshima. "Watu hao walikuwa na akili. Halafu?"

"Halafu yagawanywe, yasikutane tena. Kila raia apewe sehemu yake, aifiche mahali ambapo adui hawezi kupafikia."

"Mahali gani hapo?"

Kihedu akajishika tumbo.

Jenerali akavua kofia. Machozi yakamlengalenga. "Wananchi watakubali kujitoa mhanga namna hiyo?"

"Kwa ajili ya taifa, Mheshimiwa, naona wengine wamekwisha leta sahani."

Siku hiyo Ukutani waliziharibu silaha za adui mpaka sufuria ikang'aa. Bi. Siajabu ndiye aliyepika. Akampakulia mumewe, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kawa, akamtazama anavyokula.

"Umefanya vizuri," akasema. "Lakini mkate bado."

*

Ikawa hivyo: saa nne mikate ya chumvi inakwenda, saa tano maharage yanarudi, na siku za bahati kuku, samaki au nazi. Watu wa Ukutani walipata nguvu kidogo, mashavu ya watoto yakarudi. Lakini jambo jema halikai bila kukaguliwa. Jenerali alikuja kukagua, akaonja silaha kwa ncha ya kijiko, akaonja tena, akaomba mkate wa kuichovyea. Jioni ikatoka amri mpya: silaha ndogondogo ziendelee kuharibiwa na raia, ila silaha nzito, yaani kuku, samaki na nazi, zipelekwe makao makuu zikaharibiwe na maofisa wenye uzoefu.

Malori yakaanza kwenda mji mkuu. Inasemekana mawaziri walijitolea kwa moyo mkunjufu, na Waziri wa Bahari alikabiliana na samaki peke yake, bila msaada, mpaka akapewa likizo ya ugonjwa.

Kwa hiyo hakuna aliyegundua mapema kwamba magunia yalikuwa yanapungua, isipokuwa watu wa Ukutani. Ukame ulikuwa umevuka ukuta, nao haukuomba kibali. Maharage yakawa ya kujaza kofia, kisha ya kujaza kiganja. Mwisho, asubuhi moja, kikavuka kifurushi chepesi hata hakikutoa sauti kilipoanguka. Sajini Pazi akakifungua. Yalikuwa majani ya mchaichai, yamefungwa kwa uzi.

Bi. Siajabu akayachukua mkononi mwake, akayanusa. Hakusema kitu. Hata mwenye maneno mengi zaidi katika umati ule hakusema kitu.

Jenerali Kishindo, aliyekuwa amekuja kuchukua kuku, alipiga kelele za furaha. "Majani! Wanatupiga kwa majani! Adui kaishiwa silaha!" Akapanda juu ya kiti. "Ndugu wananchi! Kwa mkate mkavu na moyo mbichi tumeshinda! Operesheni imekwisha! Kuanzia kesho tanuri ni la mama, mikate ni ya wananchi, na atakayerusha hata chembe ya mkate juu ya ukuta huu atashitakiwa kwa kumsaidia adui aliyekwisha kushindwa!"

Akajipa medali, akaondoka. Alimwachia Sajini Pazi kazi ya kuulinda ushindi.

*

Asubuhi yake Bi. Siajabu alioka kwa kipimo cha bibi yake, chumvi ya kubana kwa vidole vitatu tu. Harufu ikaenda mji mzima. Watu wakaja, kila mmoja akapokea mofa yake ya moto, na Kihedu akapokea ya kwake, akaishika. Alikuwa ameirudisha, au angalau imerudi. Alitazama kulia na kushoto, akaona hakuna anayekula. Kila mtu alisimama na mkate wake akitazama ukuta.

Mkewe akafuta mikono kwenye kanga, akachukua mkate mmoja, akaenda hadi ukutani.

"Mama," alisema Sajini Pazi, akimzuia kwa upole. "Vita vimekwisha."

"Ndiyo maana naurusha."

"Ni marufuku, mama. Nitakushika kweli." Akamgeukia Kihedu kama mtu anayeomba msaada. "Mzee, hii nayo ni hila gani?"

"Si hila, Sajini," alisema Kihedu. "Mgiriki hana kitu kama hiki. Nimemsoma mpaka mwisho." Akaukata mkate wake vipande viwili na kumwekea mkewe kipande kimoja juu ya ule wake.

Bi. Siajabu akarusha. Lakini alikuwa mwokaji, si mrushaji. Kipande cha Kihedu kilivuka, ila mkate mzima uligonga matofali ya juu, ukarudi, ukaviringika mavumbini mpaka kwenye viatu vya Sajini Pazi.

Sajini Pazi aliutazama. Akaangalia barabara ya kwenda mji mkuu. Haikuwa na vumbi. Akainama, akauokota, akaupangusa kwa mkono wa shati. Kisha akazunguka kwa kisigino kimoja, kama alivyofundishwa kwa gharama za serikali, akauachia. Ukaenda juu sana. Nyuma yake watu wakaanza kukata mikate yao nusu kwa nusu.

Upande wa pili palikuwa kimya. Bi. Siajabu alisimama ameshika mchaichai kifuani, hapumui, kama binti anayewapakulia wakwe kwa mara ya kwanza. Kihedu akamshika mkono.

Halafu sauti ya Nyamizi ikapaa.

"Jamani! Leo chumvi imekaa sawasawa!"

Na kilima kikalirudia neno lile, kwa kuchelewa kidogo na kwa sauti ya chini, likavuka ukuta bila kibali.